Ile Mashine Mpya

Karani wa mapokezi ndiye aliyemwambia Mama Mitambo kwamba leo watu watampiga, na hakusema kwa utani. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango mkubwa ikapinda hadi kwenye maegesho ya magari. Kila mgonjwa aliyefika dirishani aliandikwa jina likafika nusu, kioo cha kompyuta kikaganda, kikakaa kimya kwa muda wa kumtosha mtu kutukana, halafu kikarudi kama hakuna kilichotokea. Karani akianza jina upya, nacho kinaganda upya.

"Afadhali kingekufa kabisa tukajua moja," karani alisema. "Hiki kinatufanyia dharau."

"Nipe muda kidogo."

"Mimi nitakupa. Hao je?"

Mama Mitambo lilikuwa jina alilopewa na wauguzi, naye alilipenda kuliko cheo chake kirefu kilichobandikwa mlangoni. Seva zote za hospitali ile zilikuwa chini yake. Zilikaa kwenye chumba cha baridi mwisho wa korido, mashine chache kubwa, na kila moja ilibeba tumboni mashine nyingi ndogo zisizoshikika kwa mkono: moja ya mapokezi, moja ya maabara, moja ya duka la dawa, na kadhalika. Seva hizo zenyewe hazikuhifadhi kitu. Kila jina la mgonjwa na kila jibu la damu lilikaa kwenye kabati moja la hifadhi ya data lililosimama ukutani. Kiungo kati ya seva na kabati kiliitwa adapta, na kila adapta ilikuwa na jina lake refu la herufi na namba. Kabati halikujua sura ya mtu. Ukitaja jina lililosajiliwa, linakufungulia. Usipolitaja, unabaki nje.

Msaidizi wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mumewe. Nyumbani wote walimwita Dogo ingawa alikuwa na ndevu, na kitambi kilikwisha kuanza kuchungulia. Kazi ile alitafutiwa na Mama Mitambo. Alimwendea mkurugenzi mara nyingi kiasi kwamba katibu muhtasi akimwona tu kwa mbali alikuwa anapunga mkono kumaanisha bosi hayupo. Hatimaye Dogo alichukuliwa, lakini bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na nyumba nzima ilikuwa ikiomba dua kipindi hicho kiishe salama.

"Seva ya pili ndiyo inayoanguka," Mama Mitambo alisema, macho kwenye kioo. "Nyingine zote nzima. Hii inalipoteza kabati, inalipata, inalipoteza tena. Na mapokezi na maabara ziko humo humo. Bahati yetu ilivyo."

"Mimi naona ni waya, shemeji," Dogo alisema.

Wakabadilisha waya. Kwa dakika chache mambo yakatulia, wakatazamana kwa matumaini, kisha seva ikaanguka tena. Dogo akasema labda ni tundu la swichi limelegea. Wakahamisha waya tundu jingine, na jingine. Dogo alikuwa na bidii siku hiyo kupita kawaida, anapanda ngazi, anashuka, anapuliza vumbi, anashika tochi kabla hajaambiwa. Shemeji yake akamwonea huruma. Akajisemea moyoni kwamba kweli huyu ameshakuwa fundi.

"Na ile mpya?" akauliza, akionyesha kwa kidevu seva iliyoletwa wiki iliyopita, iliyokuwa chini kabisa ya fremu ikivuma. "Ulishaiunganisha na kabati?"

"Bado. Nakusubiri wewe. Nimeiwasha tu kupima feni."

"Sawa."

Hapo ndipo alipoteleza. Fundi hamuulizi mtu jambo analoweza kuliona kwa macho yake. Angekuwa ni mtu baki, Mama Mitambo angekagua mwenyewe, tena angekagua huku huyo mtu akimtazama, bila aibu. Lakini huyu alikuwa anakula naye meza moja, na nguo zake zilianikwa kamba moja na zake. Kumkagua ingekuwa kama kumpekua mfukoni. Basi akauliza, akajibiwa, akaamini, akageuka kuendelea na waya.

Mkurugenzi alikuja kabla ya adhuhuri, na nyuma yake walikuwepo wageni wenye vitambulisho shingoni. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akaongea kwa sauti ya kusikika korido nzima.

"Mama, hawa nimewaambia tuna mtaalamu hapa. Sasa niwaonyeshe nini?"

"Tunalifanyia kazi, mkurugenzi."

"Mnalifanyia kazi," alirudia, akiwageukia wageni, na mmoja wao akacheka kwa pua.

Mama Mitambo alikuwa amepiga magoti, na suruali yake ilikuwa imejaa vumbi la sakafu. Hakusimama kwa sababu angesimama ingeonekana anaomba radhi. Toka chumba cha pili alisikia mtoto akilia: walikuwa wanamtoboa tena, maana majibu yake ya kwanza yaliganda katikati na hayakuonekana tena. Mama wa mtoto hakulaumu kompyuta. Alikuwa anamlaumu muuguzi, na muuguzi alikuwa anamlaumu mtu ambaye wote walimjua kwa jina.

*

Jioni mumewe alimpashia maji ya kuoga. Mumewe, ambaye watu walimwita Mwalimu, alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa maneno mengi kazini na machache nyumbani, na kwa kawaida maji ya kuoga kila mtu alijipashia. Alimpokea mkoba, akamvua hata koti.

"Nenda kaoge, mke wangu. Umechoka mpaka machoni."

Alioga taratibu. Nyuma ya ukuta alisikia sauti zao wakiongea, mume na mdogo wake, chini chini, na kikohozi cha mama mkwe. Alidhani wanazungumza habari zake kwa kumhurumia, na jambo hilo lilimpa faraja. Alipotoka, wote watatu walinyamaza kwa pamoja. Mama mkwe, ambaye Jumamosi iliyopita alifanyiwa upasuaji mdogo wa jicho na bado alikuwa na pamba iliyobandikwa plasta, aliinuka akaenda jikoni kufuata kitu ambacho hakurudi nacho.

"Usijiumize sana," mumewe alimwambia walipokuwa mezani. "Mashine ni mashine. Mwambie mkurugenzi kabati limezeeka, basi."

"Limezeeka wapi? Bado lina nailoni pembeni."

"Vya siku hizi havidumu," Dogo akasema bila kuinua kichwa kwenye sahani. Chakula chake kilikuwa vile vile kilivyopakuliwa.

"Na wewe kula," Mama Mitambo akamsukumia bakuli. "Ukianguka na wewe nitabaki na nani?"

Mumewe akatazama dirishani. Wakati ule Mama Mitambo hakuona maana yoyote katika kutazama huko. Alikuja kulikumbuka jambo hilo baadaye, na kila alipolikumbuka alitamani kupiga mtu.

*

Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu sasa watu walikwisha kuzoea kumtukana. Wauguzi walikuwa wanaandika kwa mkono na kupita mbele ya mlango wake wakiwa wameinua kalamu juu, wakicheka. Mtu wa duka la dawa alimwuliza kama hicho cheti chake cha ukutani alikipata kwenye mnada. Aliweza kuvumilia haya. Lililomkera ni kutojua. Alikwisha kubadilisha kila kinachobadilishika, na ugonjwa ulikuwa pale pale: seva ya pili inaingia kwenye kabati, inatolewa, inaingia, inatolewa, kama mtu anayefukuzwa na bawabu ambaye hasemi kosa lake.

Alimpigia fundi wa kampuni iliyowauzia kabati. Aliweka simu sauti ya nje ili Dogo naye ajifunze.

"Kuna kitu chochote kipya mmeongeza?" fundi wa kampuni akauliza. Ndilo swali la kwanza ambalo mafundi wote huuliza.

"Hapana."

"Una uhakika? Seva mpya, adapta mpya, chochote?"

"Seva mpya ipo ila haijaunganishwa. Nina uhakika kabisa."

Dogo alikuwa amesimama nyuma yake na bisibisi mkononi. Aliigeuza bisibisi, akaitazama ncha yake. Fundi wa kampuni akamwagiza Mama Mitambo asubiri, akatafuta kwenye vitabu vyake, na mwisho akasema hajui.

Saa za kazi zilipokwisha, afisa utumishi alimwita akamwambia kwamba mkurugenzi anataka maelezo kesho yake, na kwamba aje amejiandaa. Alisema neno "amejiandaa" kwa upole mno, na Mama Mitambo akaelewa kwamba upole huo haukuwa mwema.

*

Asubuhi alikuwa anafunga viatu sebuleni. Mumewe na Dogo walikwisha kuondoka pamoja kwenye gari la shule ya udereva, jambo ambalo pia halikuwa la kawaida. Mama mkwe alitoka chumbani akiwa ameshika ukuta, akasimama mbele yake.

"Mwanangu."

"Naam, mama. Jicho limeamkaje?"

"Jicho liache." Alitafuta maneno. "Ile mashine mpya, umeiangalia?"

Mama Mitambo akaacha kamba za kiatu.

"Mashine gani, mama?"

"Sijui. Mimi sijui mambo yenu. Nauliza tu kama umeiangalia."

"Nani kakwambia kuna mashine mpya?"

Mama mkwe akakaa kwenye mkono wa kochi, ambao kila siku aliwakataza wenzake kuukalia. "Niliwasikia wakiongea. Watoto wangu. Ulikuwa unaoga. Dogo analia, anasema ameiunganisha Jumamosi, ile siku ulinipeleka mimi kwa daktari wa macho. Anasema alitaka ukirudi Jumatatu ukute kazi imekwisha, ufurahi. Alichukua mipangilio ya ile nyingine akainakili yote, na tangu hapo ndiyo balaa limeanza. Akataka kuizima, akaogopa, maana ikizimwa na mambo yakatulia kila mtu atajua ni yeye."

"Na Mwalimu akasemaje?"

"Akamwambia anyamaze kwanza."

"Siku zote hizi, mama," Mama Mitambo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi napiga magoti kwenye vumbi, mnanitazama."

"Nimekwambia sasa."

"Umeniambia sasa."

"Ni mwanangu yule," mama mkwe akasema, na sura yake ikakunjamana. "Na wewe ni mwanangu. Mimi nifanyeje? Nimekaa na hilo neno kooni, hata maji hayapiti."

Mama Mitambo alimaliza kufunga kiatu. Alitaka kukasirika na mama mkwe akashindwa, hasira yote ilikuwa inakwenda kwa mwingine. Alimpigia mumewe akiwa njiani, akitembea haraka, watu wakimpisha.

"Ulijua?"

Upande wa pili alisikia injini, kisha sauti ya mumewe ikimwambia mwanafunzi asimamishe gari pembeni.

"Nilitaka kukwambia kwa utaratibu wake."

"Utaratibu gani? Jana nimemwapia mtu wa kampuni kwamba hakuna kipya. Mdogo wako yuko nyuma yangu anasikiliza!"

"Alipaniki. Ni mtoto."

"Ana ndevu!"

"Nisikilize. Nenda kaitengeneze, hilo ndilo kubwa. Akiulizwa atasema mwenyewe, nimeshaongea naye. Na asiposema, nitasema mimi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sawa? Siwezi kukuacha ukaangamia kwa kosa la mtu mwingine. Unanijua."

Alimjua. Walikuwa wamekaa pamoja miaka ya kutosha kulea watoto hadi wakaenda bweni, na katika miaka hiyo mume huyo aliwahi kuwa mvivu, mbishi na mgumu wa kutoa, lakini mwongo hakuwahi kuwa. Akakata simu akiwa bado na hasira, ila amemwamini.

*

Kosa lenyewe lilimchukua muda mfupi kulipata, na hilo likamuumiza zaidi. Alifungua orodha ya kabati ya waliobisha hodi. Jina la adapta ya seva ya pili lilikuwepo, likiingia kutoka anwani yake. Chini yake jina lile lile, herufi kwa herufi, likiingia kutoka anwani nyingine, ya mashine mpya. Juu, chini, juu, chini, ukurasa mzima.

Dogo aliponakili mipangilio ya seva ya pili alibadilisha jina la mashine, akabadilisha anwani, akasahau jina la adapta. Ni kosa la mtu anayejua kazi nusu; asiyejua kabisa asingefika hapo, na anayejua yote asingelifanya. Seva mbili zilikuwa zinakwenda mlangoni kwa jina moja, na kabati, likidhani ni mtu yule yule amerudi, lilikuwa linamtoa aliyemo ili limwingize anayebisha. Wala hakuna kifaa kilichoharibika. Waya zote zile walizozitupa zilikuwa nzima.

Aliikata mashine mpya kwenye kabati, akaipa adapta yake jina lake, akalisajili, akaiwasha upya. Kisha akakaa kwenye kiti akitazama seva ya pili. Iliingia ikakaa. Korido ikaanza kubadilika sauti. Ilisikika mashine ya kuchapa ya maabara ikitema karatasi bila kukatika, na mtu akashangilia upande wa mapokezi. Yeye hakushangilia. Alitazama kwenye kumbukumbu za mfumo ni nani aliyeingia Jumamosi kuiunganisha mashine ile, akaona jina lake mwenyewe.

Hilo alilitarajia. Jumamosi ile, akiwa kwenye benchi la kliniki ya macho ameshika mkono wa mama mkwe, Dogo alimpigia akasema anataka kuchapisha ripoti na mfumo unamkatalia. Akamtajia neno lake la siri, herufi moja moja, mbele ya watu. Kanuni ilikataza. Lakini alikuwa ni shemeji.

*

Ofisini kwa mkurugenzi kulikuwa na viti vitatu mbele ya meza. Dogo alikuwa amekalia cha katikati, ambacho siku zote hukalia Mama Mitambo, na afisa utumishi alikuwa pembeni. Yeye akachukua cha mwisho, kilichokuwa na mguu mmoja mfupi.

"Mfumo umerudi," mkurugenzi akasema. "Nashukuru. Sasa nataka kujua uliondoka vipi."

Alieleza. Alieleza kwa maneno mepesi, majina mawili na mlango mmoja, na alipofika kwa nani aliyeiunganisha mashine akanyamaza ili kumpa Dogo nafasi.

"Dogo," alisema hatimaye. "Sema."

Dogo alikuwa anakwangua ukingo wa kiti. "Mimi Jumamosi nilikuwepo, mkurugenzi. Sikatai. Nilifunga waya tu. Mipangilio aliifanya Mama Mitambo baadaye akiwa nyumbani. Alinipigia... mimi nilimpigia, tukaongea, akasema ataimalizia mwenyewe."

"Dogo!"

"Ndivyo ilivyokuwa, shemeji. Samahani."

Afisa utumishi akageuza karatasi. "Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha jina lako, mama. Na inawezekana mtu kuingia akiwa mbali?"

"Inawezekana."

"Na simu mliongea?"

"Tuliongea. Nilimpa paswedi."

"Ulimpa paswedi yako," mkurugenzi alirudia, na akaandika. "Hilo peke yake ni kosa. Kwa hiyo ama ulivunja kanuni akafanya yeye, ama ulifanya wewe. Mwenzako anasema ulifanya wewe. Una mtu yeyote wa kusema vinginevyo?"

"Mume wangu. Huyu alikiri kila kitu mbele yake. Mpigieni simu sasa hivi."

Alilisema akiwa na uhakika kiasi kwamba mkurugenzi alinyanyua nyusi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Dogo alimtazama usoni, na Mama Mitambo alidhani ile ni hofu. Simu ikawekwa katikati ya meza, sauti ya nje. Ikaita. Ikapokelewa.

"Mwalimu, samahani kwa kukusumbua," mkurugenzi akasema. "Mkeo yuko hapa, na mdogo wako. Kuna suala la mashine moja. Mkeo anasema mdogo wako alikiri kwako kwamba ndiye aliyeiunganisha. Ni kweli?"

Injini haikusikika. Gari lilikuwa limesimama tayari, kama mtu aliyekuwa akisubiri simu hiyo.

"Mimi hayo mambo ya mashine siyajui, mkurugenzi."

"Siulizi mashine. Nauliza kama alikwambia."

Mama Mitambo aliegemea mbele. Alitaka kusema jina lake, jina la nyumbani ambalo hawakuwahi kulitamka mbele ya watu, ila akajizuia ili isionekane anamfundisha.

"Tunaongea mengi nyumbani," sauti ya mumewe ikasema. "Hilo silikumbuki."

"Hulikumbuki au hakusema?"

"Hakusema."

Moyo wake ulichanika. Hakuna namna nyingine ya kulieleza. Alikuwa ametukanwa siku zile na watu wa kila cheo, na yote aliyabeba kwa sababu hawakuwa wake. Huyu alikuwa wake. Alitazama simu ile juu ya meza, kioo chake kikizima, na akaona aibu kwa ajili yao wote wawili, mbele ya watu baki, kama mtu aliyevuliwa nguo na mwenzake wa chumba kimoja.

"Kuna mwingine?" mkurugenzi akauliza. Hata yeye alikuwa ameshusha sauti.

Mama Mitambo alitoa simu yake. Alifungua orodha ya majina, akasogeza kidole hadi kwa mama mkwe, kidole kikakaa juu ya jina. Dogo akaacha kukwangua kiti. Chumba kizima kilimngoja.

Akazima kioo, akairudisha simu mkobani.

"Hakuna mwingine," alisema.

Walimsimamisha kazi kuanzia saa ile ile, uchunguzi ukiendelea, na Dogo akakaimu nafasi yake. Mlinzi wa getini, aliyekuwa akimpokea kila asubuhi kwa tabasamu, alimwomba afungue mkoba aangalie kama hajatoka na mali ya hospitali. Aliomba akiwa ametazama pembeni. Alikuta miwani ya akiba, leso na chupa ya maji.

*

Mumewe alikuwa nje ya nyumba, ameegemea gari la mafunzo. Alimwona akija kwa miguu, akasogea hatua, akasimama.

"Wamekupa onyo?"

"Wamenisimamisha."

Alionekana kushtuka kwelikweli. "Hawakutakiwa kufika huko! Mimi nilipima. Nikasema wewe mkongwe pale, hawawezi kukugusa, watakupa barua tu. Yeye ni wa majaribio, yeye wangemtupa hapo hapo. Nani angemchukua tena? Nilipima, mke wangu."

"Ulinipima."

"Ni mdogo wangu, damu yangu."

"Na mimi?"

"Wewe..." Alifungua mikono. "Wewe unaelewa. Wewe ndiye unayeelewa siku zote."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Alimchagua mkewe abebe lawama kwa sababu alikuwa rahisi kuumizwa. Alitamani amtukane, lakini tusi lolote alilolifikiria lilikuwa dogo. Akampita, akaingia ndani.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya sebule. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, simu yake ndogo ya vitufe iko mkononi. Aliinua uso.

"Mbona hamkunipigia?"

Mama Mitambo akasimama mlangoni.

"Nimekaa na simu tangu ulipotoka," mama mkwe akasema. "Hata msalani nimekwenda nayo. Nilijua mambo yatafika huko, nikajisemea, wakinipigia nawaambia. Nawaambia ni mwanangu, nimemsikia kwa masikio yangu, mwacheni huyu binti. Nilikwisha kuyapanga maneno. Hamkupiga."

"Waliniuliza kama nina mtu mwingine."

"Sasa?"

"Nilikwisha kulifungua jina lako, mama. Kidole kilikuwa juu yake."

"Ukanionea huruma," mama mkwe akasema, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Hukutaka nimchome mwanangu mwenyewe. Mungu akubariki."

Mama Mitambo angeweza kuiacha hapo. Ingekuwa nzuri, na mama mzee angeishi nayo vizuri. Lakini siku ile alikuwa amesikia uongo wa kumtosha, hata wa huruma asingeweza kuuongeza yeye.

"Haikuwa huruma," alisema. "Niliogopa. Niliogopa nawe utasema hakusema."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."